Maji ya Tumboni na Sindano Iliyochelewa

Tarehe 20 Desemba 1826, katika nyumba moja jijini Vienna, mpasuaji Johann Seibert alitoboa tumbo la mgonjwa mwenye umri wa miaka 56 na kupitisha mrija ndani yake. Maji yakabubujika kwa nguvu. Andreas Wawruch, daktari aliyekuwa akimwangalia mgonjwa huyo, aliandika baadaye kwamba maji ya mkupuo wa kwanza yalifika uzito wa ratili 25, na yaliyoendelea kuvuja baada ya hapo yalikuwa mengi zaidi. Mgonjwa alikuwa Ludwig van Beethoven. Masikio yalikuwa yamekufa zamani, umanjano ulikuwa umemwingia wiki hizo, miguu imevimba, na usiku pumzi zilimbana. Hata hivyo, alipoyaona maji yakimwagika, alimtania mpasuaji kwa kumfananisha na Nabii Musa alipoupiga mwamba kwa fimbo.

Alitobolewa mara nne kwa jumla: Desemba 20, Januari 8, Februari 2 na Februari 27. Baada ya mara ya kwanza bendeji ililegea usiku, na kidonda kikawaka uvimbe. Kila maji yalipotolewa alipata nafuu ya siku chache, kisha tumbo likajaa tena. Mwishoni alipoteza fahamu, na tarehe 26 Machi 1827 akafariki. Kesho yake Johann Wagner aliufungua mwili na kuandika alichokikuta: ini limesinyaa hadi nusu ya ukubwa wake, limekuwa gumu na limetapakaa vinundu vinavyolingana na haragwe, na wengu umevimba kupita mara mbili ya kawaida. Tumboni mlikuwa na maji mengi ya rangi ya kijivu na kahawia, yenye ukungu.

Daktari yeyote wa leo akisoma habari ya maji yenye ukungu husimama hapo. Maji ya tumboni ya mtu ambaye ini lake limesinyaa huwa maangavu, ya rangi ya manjano hafifu. Yakiwa na ukungu, jambo la kwanza la kufikiria ni kwamba bakteria wameingia. Lakini Vienna ya 1827 haikuwa na njia ya kufikiri hivyo. Louis Pasteur alikuwa mtoto wa miaka minne, na miongo kadhaa ingepita kabla ya mtu kuthibitisha kwamba viumbe wasioonekana kwa macho ndio wanaoozesha vidonda na kuua watu. Wachunguzi waliosoma vinasaba kutoka kwenye nywele za Beethoven walichapisha matokeo yao mwaka 2023: alikuwa na mwelekeo wa kurithi wa ugonjwa wa ini, na alikuwa ameambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo pombe, ambayo mara nyingi ilitajwa peke yake, ilikuwa na wenzake.

Maji ya tumboni yalijulikana tangu kale. Waganga wa Ugiriki walimwonya anayeyatoa asiyamwage yote kwa mara moja, kwa kuwa walishuhudia wagonjwa wakifa wakifanyiwa hivyo. Mrumi Celsus alieleza mrija wa risasi au shaba unaoingizwa tumboni kwa kazi hiyo. Erasistratos wa Aleksandria aliona kwamba ini la wagonjwa wa aina hii lilikuwa gumu, akapinga kuwatoboa, kwa hoja kwamba ukiyatoa maji ukaliacha ini lilivyo, maji yatarudi. Mwaka 1819 Mfaransa René Laennec, yule yule aliyebuni chombo cha daktari cha kusikilizia kifua, aliupa ugonjwa wa ini lenye vinundu jina la sirosisi, ambalo tunalitumia hadi sasa. Wote hao waliyatazama maji kama mzigo wa kutua. Hakuna aliyewaza kwamba matone machache ya maji hayo yangeweza kueleza kwa nini mgonjwa aliyekuwa akizungumza jana leo hamtambui mkewe.

Ili kuelewa ni kwa nini, inabidi kufuata njia ya damu. Karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupitia kwanza mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini, na humo hukaguliwa. Ini ni forodha ya mwili: kila shehena inayotoka bandari ya utumbo hupita hapo. Askari wake ni seli alizozieleza Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer mwaka 1876, nazo hushika na kumeza bakteria wanaochopoka utumboni. Sirosisi inapoligeuza ini kuwa makovu na vinundu, damu haipiti kwa urahisi. Shinikizo hupanda kwenye mshipa ule, na damu hutafuta njia za panya: mishipa midogo ya koo la chakula, ya tumbo na ya kitovu hutanuka na kuibeba bila ukaguzi. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hawa hutapika damu ghafla, mishipa hiyo inapopasuka.

Shinikizo hilo hilo, pamoja na ini kushindwa kutengeneza protini iitwayo albumini ambayo huyashikilia maji ndani ya mishipa, na figo zinazong'ang'ania chumvi, ndiyo hulijaza tumbo maji. Utumbo nao huvimba na kuwa mwepesi kupitisha bakteria. Wanaingia kwenye tezi za karibu, wanaingia kwenye damu, wanalikwepa ini, na hatimaye wanafika kwenye maji ya tumboni. Huko wanakuta mahali pa joto, pasipo na mkondo, na palipo na kinga hafifu, kwa sababu maji ya sirosisi yana protini chache sana za kupambana na vijidudu. Hakuna kidonda cha utumbo kilichotoboka, hakuna kidole tumbo kilichopasuka. Utando wa tumbo unashika maambukizi wakati kila kiungo kinaonekana kizima.

Mhusika mkuu wa kisa hiki alijulikana mapema. Mwaka 1885, jijini Munich, daktari wa watoto Theodor Escherich alikuwa akichunguza kinyesi cha watoto wachanga, akamwona bakteria mfano wa kijiti ambaye baadaye alipewa jina lake: Escherichia coli. Kila mmoja wetu anaye utumboni, na kwa kawaida hana madhara. Lakini miaka zaidi ya 70 ilipita kabla ya ugonjwa anaousababisha kwa watu wenye sirosisi kuelezwa kwa utaratibu. Kulikuwa na taarifa za hapa na pale, hasa Ufaransa, nchi ambayo divai ilikuwa imejaza wodi zake wagonjwa wa ini. Mwaka 1958 Jacques Caroli wa Paris, akiwa na mwenzake Platteborse, aliandika juu ya wagonjwa wa sirosisi ambao bakteria wa utumbo walikuwa wamewaingia kwenye damu. Mwaka 1963 madaktari watatu wa Uingereza, Kerr, Pearson na Read, walieleza wagonjwa tisa waliopata maambukizi kwenye maji ya tumboni.

Kisha akaja Harold Conn. Alikuwa daktari katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya West Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1964 alichapisha makala iliyokusanya dalili, chanzo na njia ya ugonjwa huu mahali pamoja, na kichwa chake kilikuwa na shutuma ndani yake: kilisema ugonjwa huu ni wa kawaida kiasi lakini hutambuliwa kwa nadra. Mwaka 1971 yeye na J. Michael Fessel waliongeza maelezo marefu zaidi. Jina walilolisimika ndilo linalotumika mpaka sasa duniani kote, nalo linasema kwamba ni maambukizi ya bakteria katika utando wa tumbo yanayozuka yenyewe, bila kiungo kilichotoboka.

Shutuma ya Conn ilikuwa ya haki. Wagonjwa hawa walikuwa wakifa mbele ya macho ya madaktari wazuri, na vifo vyao vilikuwa vikiandikwa kwa jina jingine. Homa ikipanda kidogo, watu husema ni ini. Akianza kuchanganyikiwa, ni ini. Mkojo ukipungua, ni ini limeziangusha figo. Kila dalili ilikuwa na maelezo tayari, na maelezo hayo yaliufunga mlango wa uchunguzi. Zaidi ya hapo, maji mengi tumboni hutenganisha kuta za utando, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na maambukizi makali bila tumbo kukakamaa wala kuuma akibonyezwa. Wengine hawana dalili yoyote ya tumbo. Kinyume chake, pale maumivu yalipojitokeza wazi, wapasuaji walidhani kuna kidonda kilichotoboka, wakalifungua tumbo, hawakukuta kitu, na mgonjwa mwenye ini bovu akashindwa kuamka baada ya upasuaji. Katika ripoti za miaka hiyo ya mwanzo, zaidi ya tisa kati ya kumi ya waliogunduliwa walikufa.

Mimi naona hapa ndipo somo kubwa la historia hii lilipo, kuliko hata kwenye dawa zilizofuata. Ugonjwa uliokuwepo siku zote ulibaki hauonekani kwa sababu hakuna aliyeingiza sindano kwa nia ya kuuliza swali. Isitoshe, kufikia miaka ya 1960 sindano yenyewe ilikuwa imekosa heshima. Dawa za kukojoza, spironolaktoni ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeingia sokoni na maji yaliweza kupunguzwa kwa vidonge. Kumtoboa mgonjwa wa ini, ambaye damu yake haigandi vizuri, kulionekana ni kazi ya waganga wa zamani na tena ya hatari.

Waliolipinga wazo hilo walitokea Los Angeles, katika kitengo cha magonjwa ya ini alichokuwa akikiongoza Telfer Reynolds. Mwaka 1982 John Hoefs na wenzake walichapisha uchambuzi mpana wa wagonjwa wao. Kijana aliyefunzwa katika kitengo hicho, Bruce Runyon, aliendelea na maji ya tumboni kwa miaka mingi, kwa ukaidi ambao ninauheshimu sana. Swali lake la kwanza lilikuwa rahisi: je, ni kweli kutoboa ni hatari? Mwaka 1986 alitoa hesabu ya matobo 229 kwa wagonjwa 125, wengi wao wakiwa na damu isiyoganda kawaida. Hakuna aliyekufa kwa ajili ya sindano, na waliovuja damu kiasi cha kuhitaji kuongezewa walikuwa wachache mno.

Swali la pili lilihusu maabara. Kwa nini maji ya mgonjwa anayeonekana wazi kuwa na maambukizi yakipelekwa maabara mara nyingi hayaoteshi kitu? Jibu lilikuwa kwenye idadi. Usaha una mamilioni ya bakteria katika kila tone, lakini maji ya wagonjwa hawa huwa na bakteria wachache mno, pengine mmoja tu kwa mililita. Fundi wa maabara akipaka matone mawili kwenye sahani, bakteria hao wanakosekana. Runyon alishauri jambo ambalo daktari au muuguzi yeyote anaweza kulifanya akiwa pembeni mwa kitanda: chota mililita 10 za maji na uzitie papo hapo kwenye chupa ya kuoteshea damu, kabla ya kuondoka wodini. Kwa njia ya zamani bakteria walionekana kwa takriban nusu ya wagonjwa. Kwa chupa hizo idadi ilipanda hadi karibu wanne kati ya kila watano.

Hata hivyo kuotesha huchukua siku moja au zaidi, na mgonjwa hana siku. Kipimo kilichookoa watu wengi kuliko vyote ni cha kuhesabu seli. Mwili unapopambana na bakteria hupeleka mahali hapo seli nyeupe za aina ya nyutrofili. Madaktari walikubaliana kwamba zikifika 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo ya maji ya tumboni, matibabu yaanze palepale, hata kama hakuna bakteria aliyeonekana. Kipimo hiki kinahitaji hadubini, kioo chenye mistari ya kuhesabia, na mtu aliyefundishwa kuhesabu. Matokeo yanapatikana ndani ya saa moja. Wengine walitafuta njia ya mkato kwa kutumia karatasi zile za kupimia mkojo, na uchunguzi mkubwa uliofanyika Ufaransa na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba karatasi hizo ziliwakosa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Basi karatasi hizo haziwezi kuchukua nafasi ya kuhesabu seli.

Tiba ilibadilika katika mji mwingine. Katika Hospital Clínic ya Barcelona, Juan Rodés alikuwa amejenga kitengo cha ini ambacho wanafunzi wake, akiwemo Vicente Arroyo, Antoni Rimola na Pere Ginès, walikigeuza kuwa chemchemi ya majibu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wagonjwa hawa walipewa ampisilini pamoja na dawa ya jamii ya tobramaisini. Mchanganyiko huo uliwaua bakteria wengi, lakini tobramaisini huumiza figo, na figo za mgonjwa wa sirosisi tayari zinaning'inia kwenye uzi. Mwaka 1985 kundi la Barcelona lilitangaza jaribio la wagonjwa 73 wa sirosisi wenye maambukizi makali. Nusu walipewa mchanganyiko wa zamani, nusu wakapewa sefotaksimu, dawa mpya kwa wakati huo isiyoziumiza figo. Katika kundi la sefotaksimu maambukizi yaliisha kwa asilimia 85, na katika kundi jingine kwa asilimia 56. Tangu siku hiyo sefotaksimu na ndugu yake seftriaksoni, dawa ambayo imejaa katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, zikawa silaha ya kwanza.

Lakini madaktari hao wa Barcelona hawakuridhika. Waliona mambo mawili. La kwanza, aliyepona alirudi. Kati ya wagonjwa waliookoka, takriban wawili kati ya watatu walipata maambukizi mapya ndani ya mwaka. Mwaka 1990 Ginès na wenzake walionyesha kwamba kidonge kimoja cha norfloksasini kila siku, kinachopunguza bakteria wabaya utumboni, kilishusha uwezekano huo kutoka asilimia 68 hadi asilimia 20 kwa mwaka. La pili lilikuwa zito zaidi: mgonjwa anaweza kutibiwa hadi bakteria wakaisha, kisha akafa wiki hiyo hiyo kwa figo kusimama. Vita vya kinga dhidi ya bakteria huilegeza mishipa ya damu, shinikizo linashuka, figo zinakosa damu, na mkojo unakatika.

Jibu lao lilitoka kwenye chupa ya albumini. Walikuwa wameshaizoea, kwa sababu katikati ya miaka ya 1980 kundi hilo hilo ndilo lililoirudishia hadhi kazi ya kutoa maji mengi kwa sindano. Walithibitisha kwamba ni salama mgonjwa akiongezewa albumini, na hapo onyo la Wagiriki wa kale likapata ufafanuzi wake: hatari haikuwa kwenye maji yanayotoka bali kwenye mishipa inayobaki bila ujazo. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya wagonjwa 126 wenye maambukizi ya utando wa tumbo. Nusu walipewa sefotaksimu peke yake. Nusu waliongezewa albumini, gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Waliopata madhara ya figo katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 33, na katika kundi la pili asilimia 10. Waliofia hospitalini walikuwa asilimia 29 kwa upande mmoja na asilimia 10 kwa upande mwingine. Sijui maradhi mengi ya ini ambayo kitu kimoja kilichoongezwa kwenye dripu kilileta tofauti ya namna hiyo.

Hivyo katika muda wa miaka 35 tangu makala ya Conn, ugonjwa uliokuwa ukiua zaidi ya tisa katika kumi ulifikia mahali ambapo, ukigunduliwa mapema na kutibiwa kikamilifu, wengi hutoka wodini wakiwa hai. Sindano bado inachelewa, hata kwenye hospitali zenye kila kitu. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulikuta kwamba wagonjwa wa maambukizi haya waliopimwa maji baada ya saa 12 tangu kufika hospitali walikuwa na uwezekano wa kufia humo mara 2.7 zaidi ya waliopimwa mapema.

Na bakteria nao wamebadilika. Vidonge vya norfloksasini vilivyomezwa kwa miezi na miaka viliwafundisha baadhi yao kutovijali. Barcelona yenyewe ilipiga kelele: mwaka 2002 Javier Fernández na wenzake walieleza jinsi bakteria sugu walivyoanza kuonekana kwa wagonjwa wanaotumia kinga hiyo. Mwaka 2019 Salvatore Piano na Paolo Angeli wa Padova, Italia, walitoa uchunguzi wa wagonjwa 1,302 wa sirosisi wenye maambukizi ya bakteria au fangasi kutoka mabara kadhaa. Kiwango cha bakteria sugu kwa dawa za aina nyingi kilikuwa asilimia 34, na India hali ilikuwa mbaya kupita sehemu nyingine. Vituo vilivyoshiriki vilikuwa 46: Asia 15, Ulaya 15, Amerika Kusini 11, Amerika Kaskazini 5. Afrika haikuwa na hata kimoja.

Sifuri hiyo inaniuma, kwa sababu wagonjwa tunao. Kuanzia Mwanza hadi Kisumu na Entebbe, kichocho cha tumbo kinachotokana na maji ya Ziwa Victoria huacha makovu kuizunguka mishipa ya ini, hupandisha shinikizo, huvimbisha wengu na kuwatapisha damu vijana. Homa ya ini B imezeeka ndani ya familia, ikitoka kwa mama kwenda kwa mtoto na kutoka kwa mtoto kwenda kwa mwenzake, na kukaa kimya kwa miaka 20 au 30 hadi ini linapochoka. Gongo na chang'aa huongeza mzigo huo. Mgonjwa akifika na tumbo lililojaa, mara nyingi ameshazunguka kwa waganga kwa miezi, na jamaa wameshaambiwa kwamba amerogwa. Hospitalini hutolewa maji lita kadhaa apumue, na maji hayo, yenye jibu ndani yake, humwagwa kwenye sinki.

Kuna ugumu wetu wa pekee pia, na ni haki kuutaja. Kifua kikuu kinaweza kushika utando wa tumbo na kuujaza maji vilevile, na huku kwetu si nadra. Kuhesabu seli husaidia kuwatofautisha: kifua kikuu huleta zaidi seli nyeupe za aina ya limfosaiti, na maambukizi ya ghafla ya bakteria huleta nyutrofili. Anayeanzisha dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha anaweza kulimaliza ini lililobaki, maana baadhi ya dawa hizo hupita na kuliumiza ini lenyewe. Anayeanzisha seftriaksoni bila kupima naye anaweza kumtibu kwa siku tano mtu mwenye kifua kikuu, akamruhusu kurudi nyumbani na ugonjwa wake. Albumini ni ghali, na sitamlaumu daktari wa wilaya ambaye hana chupa hata moja kwenye stoo. Lakini sindano, chupa, hadubini na mtu wa kuhesabu vipo katika hospitali nyingi ambazo hazivitumii kwa kazi hii, na hakuna bajeti ya ziada inayohitajika ili vitumike.

Upande wa kinga, habari ni njema kiasi. Baruch Blumberg wa Marekani aligundua alama ya virusi vya homa ya ini B katikati ya miaka ya 1960 na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Kenya iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2001, Tanzania na Uganda mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wa waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na ndio watu wazima wanaofikia sasa umri ambao ini huanza kuonyesha deni lake. Kwa miaka mingi ijayo wodi zetu zitaendelea kupokea matumbo yaliyojaa maji.

Kwa hiyo nasema na wewe unayesoma haya ukiwa na baba, mama, shangazi au mume mwenye tumbo la maji. Akipata homa, akianza kuchanganyikiwa, akianza kulala mchana na kukesha usiku, mkojo wake ukipungua, au tumbo likimuuma ambapo zamani halikumuuma, usingojee kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke siku hiyo. Muulize daktari kwa adabu lakini bila kuona haya kama maji yamechotwa na seli zake zimehesabiwa. Muulize pia kama yametiwa kwenye chupa ya kuoteshea kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Wewe mwenyewe kapimwe homa ya ini B, na kama huna, pata chanjo. Na ninyi mnaofanya kazi wodini, kila mgonjwa wa sirosisi anayelazwa akiwa na maji tumboni achotwe maji hayo na yapimwe siku anayoingia, awe na homa au asiwe nayo.